Mlango wa bendi unafungwa saa ngapi? Kisa cha wazazi wa shule moja Texas

Mazoezi yalikwisha saa moja na nusu usiku. Mimi nilifika saa mbili na robo, sare ya kazi ya uuguzi bado mwilini, nikamkuta binti yangu amekaa kwenye ukingo wa maegesho na wenzake wawili. Mwalimu wa bendi alikuwa kasimama mlangoni, funguo mkononi, maana haruhusiwi kuondoka mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Nikamwomba radhi. Akasema nisijali, kila siku ya mazoezi anafunga kama saa mbili na nusu. Nyumbani ana mtoto mchanga. Halafu akaniambia kwamba watoto wawili wanaozungumza lugha yetu wamerudisha vyombo wiki ile, na akauliza, kwa upole kabisa, kama kwetu muziki ni haramu.

Swali hilo lilinikaa kooni njia nzima. Mimi mtu wa Tanga!

Shule siitaji. Ni sekondari ya umma kwenye kitongoji kimoja cha Houston, na bendi yake ina watoto 120 hivi. Mwezi wa sita watoto watano kutoka nyumba za Kiswahili walikuwa wamejiandikisha: wawili wa familia mbili za Wakongo kutoka Kivu, mmoja wa mama Mrundi, mmoja wa Wakenya, na wangu. Wiki ya kwanza ya Septemba walibaki watatu. Nimeandika hapa yaliyotokea kati ya Septemba na Novemba, kwa sababu wazazi wengi wa kwetu walioko huku wananiuliza bendi ya shule inahitaji nini kutoka kwao, na mara nyingi wanaanza na swali la pesa.

Bendi yenyewe

Kwa aliyekulia Tanga, bendi ni matarumbeta: vijana watano sita nyuma ya pikapu, gari la maharusi likifuata, watoto wa mtaa wanakimbia vumbini. Mababu zetu walikuwa na beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wa pwani walipoziona bendi za wakoloni na ile ya watumwa walioachiwa huru wa Freretown, karibu na Mombasa, wakatengeneza za kwao. Ilipofika kwetu ikaja na makundi yake, Marini na Arinoti. Beni ilikuwa na sare, vyeo, michango na ushindani usiolala. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye chumba cha bendi cha shule hii, nikaona sare zimetundikwa safu kwa safu na orodha ya vyeo ukutani, nilihisi hiki kitu nakijua.

Tofauti ni kwamba bendi hii hupiga huku ikitembea kwa hesabu. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani umechorwa mstari kila yadi 5, na mtoto anafundishwa kuzimaliza yadi hizo 5 kwa hatua 8 zinazolingana, kama sentimita 57 kila moja. Kwa kila kipande cha onyesho ana nukta yake uwanjani. Ukiwa juu jukwaani unaona nukta hizo zinageuka duara, mshale, wimbi. Mtoto mmoja akikosekana hakuna anayeingizwa kutoka benchi kama kwenye mpira. Pengo linaonekana, na aliye jirani yake anapoteza mtu wa kujipimia. Ndiyo maana mtoto kuacha mwezi wa tisa ni jambo zito kuliko kuacha kwaya.

UIL, chama kinachosimamia michezo na mashindano ya shule za umma Texas, hakiruhusu mazoezi ya bendi kuzidi saa 8 kwa wiki nje ya muda wa masomo. Walimu wanazitumia zote. Kwetu ni Jumatatu, Jumanne na Alhamisi jioni. Ijumaa ni mechi, bendi inaonyesha wakati wa mapumziko. Na haya yote huanza katika joto la Agosti, kwenye lami, mtoto kashika dumu lake la maji.

Binti yangu ana miaka 14, mwembamba kama fito, na alichagua sousafoni. Ni lile baragumu kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu na kukaa begani. La kwanza lilitengenezwa mwaka 1893 na J. W. Pepper wa Philadelphia kwa ajili ya kiongozi wa bendi John Philip Sousa. La shaba lina zaidi ya kilo 13. Nilidhani amelipenda kwa ukubwa wake. Miezi mitatu baadaye ndipo nikajua sababu: filimbi, klarineti na tarumbeta familia inakodi dukani na kulipa kila mwezi, ila vyombo vikubwa ni mali ya shule. Mtoto alipiga hesabu kimya kimya akachagua kisicholipiwa.

Wiki ya pili bega la kushoto lilikuwa limevilia damu. Nikachana mto wa kochi kuukuu, nikakata sponji unene wa vidole viwili, nikaishonea mfuko wa kipande cha khanga na mpira wa kuivika kwenye bomba pale linapokalia bega. Alikataa kuivaa kwa sababu ya khanga. Nikaigeuza, upande mweusi nje. Akavaa.

Meza mbili

Kamati ya wazazi wa bendi hukutana Jumanne moja kila mwezi, saa moja jioni. Mtanzania yeyote angeitambua papo hapo: ni kamati ya harusi. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa sare, mtu wa chakula, na wale wawili watatu wanaokuja kwa ajili ya kuongea. Inaendesha kibanda cha vyakula uwanjani siku za mechi, na faida inanunua maji, inakodi lori la vyombo, inatengeneza mapambo ya onyesho. Watu wema, wanachoka kweli. Nilipouliza kuhusu wale watoto wawili, mama mmoja akashusha pumzi: wazazi wao hatujawahi kuwaona, barua pepe hawajibu, nadhani hawajali.

Jumapili nilikaa kwenye meza nyingine, nyumbani kwa baba mmoja Mkongo ambaye binti yake alikuwa mpiga filimbi. Yeye alisema: "Shiye tulikimbia basoda. Na leo mutoto wangu anatembea sawa vile soda, na uniforme, na ngoma? Hapana." Soda kwao ni askari, basoda ni wanajeshi. Mkewe akaongeza la pili, kwamba masomo ni ya bure lakini bendi inadai dola 450, tena filimbi ya kukodi juu yake. Walikuwa wamekwisha kuirudisha dukani. Barua pepe? Anwani iliyoandikishwa shuleni ilikuwa ya kijana wao mkubwa, aliyehamia jimbo jingine.

Kwa hiyo watu waliosemwa hawajali hawakuwa wamepata hata ujumbe mmoja. Ningeishia hapo ningewalaumu kamati tu, na ingekuwa rahisi. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nazisoma barua pepe zote na bado nilikuwa nachelewa dakika 45.

Kwa mama Mrundi kisa kilikuwa kidogo mpaka kinatia hasira. Texas inamtaka mtoto wa bendi ya kutembea apimwe na daktari kama wanamichezo, fomu isainiwe, ndipo aruhusiwe kufanya mazoezi. Shule ilileta madaktari Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwa bei ya kutupa. Tangazo lilipita kwenye barua pepe. Mama alikuwa kazini, kijana hakupimwa, na Agosti yote alikaa kivulini karibu na uzio na tarumbeta yake mapajani, akiangalia wenzake. Mama aliamini mwanawe anaadhibiwa kwa kosa asiloambiwa. Kijana aliona aibu kueleza. Akairudisha tarumbeta. Karatasi ya kurasa mbili!

Tulimpeleka zahanati ya jamii Jumatano mchana. Kufikia saa kumi jioni fomu ilikuwa mkononi mwa mwalimu, na kijana akawekwa kama mtu wa akiba, anajifunza nukta za wenzake watatu akisubiri nafasi.

Magari manne

Jambo la kwanza nililolipeleka kamatini lilikuwa usafiri, na lilikataliwa. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati ikipanga magari kwa jina lake na ajali ikitokea, kamati nzima iko mahakamani. Nilikasirika kwa siku mbili. Kisha nikaona kuwa jibu halikuwa "msifanye", lilikuwa "msifanye kwa jina letu".

Tukafanya kwa jina letu. Familia nne zenye gari na sita zisizo nalo au zenye gari moja na zamu mbili, zikiwemo za majirani wa Honduras na Vietnam, maana tatizo hili halikuwa la Waswahili peke yao. Kundi la WhatsApp, na masharti ambayo tuliyabishania jioni nzima. Kila mzazi amwandikie mwalimu mwenyewe kwamba fulani na fulani wanaruhusiwa kumchukua mwanawe. Dereva asiyeweza aseme kabla ya saa tisa mchana, si saa moja usiku. Mtoto akikosa gari asitembee, ampigie yeyote kati ya wanne. Asiye na gari asilipe mafuta kwa pesa. Hapo baba Mkenya alisimama kidete, alisema pesa ikiingia tu hesabu zitaanza na hesabu zikianza ugomvi unafuata. Wengine walilipa kwa namna zao. Nyumba moja ilikuwa inanipikia chakula Jumanne. Sijawahi kula maharage yaliyoungwa vizuri namna ile tangu nihame nchi.

Nikiulizwa leo ni msaada gani mkubwa kuliko wote ambao wazazi waliipa bendi msimu ule, nitasema huu. Haukugharimu kamati hata senti, haukuonekana na mtu, hakuna picha yake kwenye ukuta wa shule.

Pesa, na mahali nilipokosea

Kwenye pesa nilichemsha mara mbili.

Mara ya kwanza niliahidi sambusa. Nilisimama mkutanoni nikasema kwamba tukiuza sambusa za nyama kwenye kibanda Ijumaa moja tu, ada za watoto wetu zimekwisha. Wakapiga makofi. Wiki iliyofuata wilaya ya shule ikasema chakula cha nyama kilichopikwa nyumbani hakiuzwi uwanjani. Nilikuwa nimeshanunua kilo 10 za nyama ya kusaga. Tulikula sambusa mpaka watoto wakaomba wali mtupu.

Mara ya pili ilikuwa hatari zaidi, ingawa ilionekana ya haki. Kampeni ya kuuza chokoleti ilipoanza, nilipendekeza kila mtoto awe na akaunti yake: ulichouza kinapunguza ada yako. Anayejituma anafaidi, na sisi tusio na pesa lakini tuna miguu tunaweza kuzunguka mitaani. Mweka hazina, mama mmoja mhasibu mwenye miwani ya kamba, alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Nikanuna. Nilidhani anatubania.

Baada ya mkutano alinikalisha chini. Kamati yetu imesajiliwa kama taasisi ya hisani, haitozwi kodi, na sharti lake ni kwamba mapato yawe ya kundi, yasiwe ya mtu binafsi. Alinipa mfano wa klabu ya wazazi wa mazoezi ya viungo Virginia, Capital Gymnastics Booster Club: walikuwa wanawapunguzia ada wazazi kulingana na mauzo yao, wasiouza wanalipa yote. Mamlaka ya kodi, IRS, ikawanyang'anya hadhi ya msamaha, wakaenda mahakama ya kodi, na mwaka 2013 wakashindwa. Alisema bendi nyingi zinaendelea kufanya vile vile kimya kimya, na kwamba yeye saini yake haitakuwa kwenye hesabu hizo. Namheshimu mno tangu siku ile. Kila kamati inahitaji mtu mmoja asiyeona haya kusema hapana mbele ya watu wanaopiga makofi.

Tulichofanya badala yake kilikuwa tayari kwenye sheria, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Kanuni za elimu za Texas, kifungu 11.158, zinazitaka wilaya za shule ziwe na utaratibu wa kumsamehe ada mwanafunzi ambaye yeye au mzazi wake hawezi kulipa. Fomu ilikuwa kwenye tovuti ya wilaya, kwa Kiingereza na Kihispania. Kwenye kikao cha wazazi wapya cha mwezi wa sita, ada ilikuwa ukurasa wa kwanza wa maonyesho yao, na msamaha haukuwa ukurasa wowote. Sidhani walificha. Nadhani aliyetengeneza zile kurasa hajawahi kuuhitaji. Familia mbili zetu zikajaza, zikasamehewa ada ya shule, na mfuko wa pamoja wa kamati ukabeba viatu na glavu. Mwenyekiti akaniomba nimwandikie aya moja ya Kiswahili ya kuweka juu kabisa ya karatasi ya ada mwaka ujao. Nikamwandikia sentensi tatu. Ya kwanza: "Mtoto hataachwa kwa sababu ya pesa, zungumza na mwalimu."

Hapo hapo niseme jambo ambalo lingeweza kutuharibia. Katika kikao cha Oktoba baba mmoja alitaka watoto ambao wazazi wao hawajajitolea angalau mara tatu waondolewe kwenye onyesho, wawekwe akiba. Alikuwa na hasira ya mtu aliyesimama kibandani kila Ijumaa, na hasira hiyo naielewa. Mwenyekiti alimsomea mwongozo wa UIL: kamati za wazazi hazina mamlaka ya kumwelekeza mwalimu kazi yake. Nani anatembea na nani hatembei ni la mwalimu. Tungeipitisha ile hoja, gharama yake ingelipwa na mtoto yule yule aliyekaa karibu na uzio.

Sindano na marimba

Usiku wa sare ulikuwa Alhamisi ya tatu ya Septemba. Suruali za bendi zina mikanda ya begani na hufika kifuani, hakuna anayeziona sehemu ya juu kwa kuwa koti linafunika. Za shule hii ni za zamani, pindo zake hazina vifungo, kwa hiyo kila mwaka zinapandishwa au kushushwa kwa mkono. Kamati ilikuwa na watu wawili wanaojua kushika sindano. Nikampigia mama Mrundi, ambaye amekuwa fundi cherehani tangu akiwa kambini Tanzania.

Alikuja na kibweta chake cha bati cha biskuti, ndani nyuzi, tepu, chaki na mkasi. Alipoushika mkasi mama wa sare nusura azimie. Nikamtafsiria: usikate, mwakani suruali hii inavaliwa na mwingine. Mama akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mwambie sikati. Nakata uzi." Akamsimamisha mtoto wa kwanza juu ya kiti, akakunja pindo, akaliweka kidole kimoja juu ya kisigino, akapitisha mishono mirefu ya kulala ndani ambayo kwa nje huioni, na mwakani ukivuta ncha moja inafumuka yote. Akamgonga mtoto gotini ashuke. Dakika nne. Alifanya suruali 31 usiku ule, na kufikia ya kumi wale mama wawili walikuwa wamevuta viti karibu kujifunza ule mshono. Hakusema neno la Kiingereza zaidi ya "next".

Tangu hapo kamati ikawa inamsalimu kwa jina lake. Mimi hilo lilinifurahisha na kuniuma kwa pamoja, kwamba mtu lazima ashone suruali 31 ndipo ajulikane kuwa anamjali mwanawe.

Baba wa ile familia nyingine ya Kikongo, yeye anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na Ijumaa usiku yuko huru. Kwenye karatasi ya kujitolea alikuwa ameogopa sehemu ya ukaguzi wa polisi. Alidhani watagusa hati zake za ukimbizi. Nikamweleza kwamba kila mzazi anayekaa na watoto anakaguliwa, hata mwenyekiti, na wanatafuta makosa ya jinai tu. Baada ya siku chache akapitishwa, akapewa kazi ya kusukuma vyombo vya mbele: marimba na vibrafoni, vimepandishwa kwenye fremu za magurudumu, vinapitishwa langoni mbio na kuondolewa mbio. Alipoambiwa jina la kile chombo alicheka mpaka akainama. "Marimba? Lakini hii ni neno yetu!" Ndivyo ilivyo, neno limetoka kwenye lugha za Kibantu, likavuka bahari, likarudi kumngoja Texas kwenye magurudumu.

Na mapishi yangu yalipata kazi hatimaye, safari hii mandazi. Robo ya tatu ya mechi ni ya bendi kupumzika na kula. Kuuza hairuhusiwi, lakini kuwapa watoto wetu wenyewe iliruhusiwa, mradi niandike viungo vyote kwenye karatasi kwa sababu ya wenye mzio. Nikaandika: unga, sukari, hamira, iliki, tui la nazi, mafuta. Mandazi 200 yaliisha kabla sijafunua beseni la pili.

Aljebra

Texas ina sheria ya mwaka 1984 ambayo watu wanaiita hufaulu, huchezi. Mwisho wa wiki 6 za kwanza, mwanafunzi aliye chini ya 70 katika somo lolote la kawaida anazuiwa mashindano kwa wiki 3. Mazoezi anaruhusiwa, kushindana hapana. Nilikuwa nimeitafsiri sheria hiyo kwa wazazi wenzangu, nikawaonyesha namna ya kufungua alama za mtoto kwenye simu, nikawasisitizia waangalie kila Jumapili.

Binti yangu alipata 68 ya aljebra.

Sikuwa nimefungua hata mara moja. Nilikuwa nasafirisha watoto wa watu, nashona, natafsiri, nakanda unga, halafu zamu ya usiku, na kila nilipomuuliza shule ikoje alijibu nzuri. Mwalimu wa bendi alinipigia mwenyewe. Hakulaumu. Alisema tu kwamba mashindano ya kanda ni wiki mbili zijazo na hana mtu wa kuweka pale alipokuwa anasimama.

Nililazimika kurudisha vitu. Sare nikamwachia mama Mrundi na wanafunzi wake wawili, zamu yangu ya gari ya Jumanne ikachukuliwa na baba Mkenya, na Jumanne hiyo mimi na binti yangu tukawa tunakaa maktaba baada ya mazoezi na mwanafunzi wa darasa la 12, mpiga ngoma, ambaye alikuwa anafundisha wadogo aljebra bure. Huyo mpiga ngoma tulimpata kwa sababu mama yake alikuwa kwenye lile kundi la magari. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba msaada wa masomo ni kazi ya kamati ya bendi. Kamati nyingi, naona, zina mratibu wa chakula na hazina mratibu wa alama, wakati sheria hii huondoa watoto wengi uwanjani kuliko njaa.

Siku ya mashindano ya kanda binti alikaa nami jukwaani, amevaa fulana ya bendi na suruali ya kawaida. Bendi ikaingia. Kimya. Mimi nikapiga vigelegele. Uwanja mzima ukageuka, kumbe ule ndio wakati wa kunyamaza, mtangazaji alikuwa hajasoma hata jina. Binti akafunika uso kwa mikono miwili. Baada ya hapo alikuwa ananigusa goti ninaporuhusiwa kupiga makofi.

Katikati ya onyesho safu ya masousafoni ilifunguka kama mkia wa tausi, na pale kati, kulikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja. Alikuwa analihesabu kwa midomo, hatua 8, hatua 8, geuka. Kule kushoto kijana wa mama Mrundi alikuwa ndani. Mmoja wa wapiga tarumbeta aliangushwa na kemia, na yeye nukta zake alikuwa anazijua.

Waamuzi watatu wakatoa matokeo. Hapa namba ndogo ndiyo kubwa, na mwenyekiti alianza kunieleza kwamba divisheni wani ni nzuri. Nikamwambia, mama, hilo huna haja ya kumfundisha Mtanzania. Tulipata wani kwa waamuzi wawili na tuu kwa mmoja, jumla wani.

Yule baba aliyekimbia basoda hakubadilika. Nilimwendea mara tatu, mara ya mwisho na video ya onyesho. Aliitazama yote, akasema ni nzuri, na binti yake hakurudi. Filimbi nyingine ingepatikana, ada ingesamehewa, gari lilikuwepo. Sikuenda mara ya nne. Anayoyaona yeye akiona sare na ngoma mimi siyaoni, na si kazi ya kamati kuyafuta.

Wiki 3 zilipokwisha binti alikuwa na 74. Akarudi kwa mechi ya mwisho ya msimu, Ijumaa ya kwanza ya Novemba, na sponji yake begani. Alhamisi kabla ya hapo nilikuwa na zamu ya gari. Nilifika saa moja na dakika 25, nikazima injini, nikasikia wanarudia kipande kile kile mara tano. Watoto wanne wakaingia, mmoja akauliza kama kuna mandazi. Nilipokuwa natoka kwenye maegesho niliona taa za chumba cha bendi zinazimwa moja moja, na mwalimu akitoka na begi lake. Saa ya gari ilikuwa inasoma saa moja na dakika 42.